Sensa Kubwa, Sensa Ndogo na Viatu vya Mlangoni

Inatangazwa rasmi kwa wakazi wote wa Kinondoni na Temeke, pamoja na wale wa Kibamba ambao habari huwafikia zikiwa zimeshapoa, kwamba hadithi hii ni ya kisayansi. Inahusu sensa ya kamera. Si ile sensa ya kuhesabu watu na makazi, bali kile kipande kidogo kilichomo ndani ya kamera, kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Tutajadili ukubwa wake kwa utulivu na kwa vipimo. Mapenzi hayamo. Anayetaka mapenzi akatafute kwingine.

Baada ya kusema hayo, tuanze na Jumamosi moja ambapo kijana mmoja alimwangalia binti mpaka akajimwagia juisi ya miwa kwenye shati.

Duka la picha na kamera la Mufaddal lipo Kinondoni, kati ya muuza mapazia na saluni ya wanaume, na siku za Jumamosi hujaa mpaka watu wanapiga chafya kwa zamu. Kuna wanaotaka picha za pasipoti, kuna kamati za harusi zinazogombania rangi ya albamu, kuna mama amekuja kukuziwa picha ya marehemu mumewe. Katikati ya msongamano huo alisimama Asifiwe, binti wa Kinyakyusa aliyezaliwa Tukuyu na kukulia hapo hapo Kinondoni. Alivaa gauni la kitenge la bluu na raba nyeupe, nywele kasuka twende kilioni. Mkononi alishika kamera ndogo ya mtumba, akiigeuzageuza kama anayechagua parachichi.

“Hiyo usichukue, sista.”

Aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata mkate, glasi ya juisi ya miwa mkononi. Huyo ndiye Revelian, mpiga picha za harusi, mtoto wa Bukoba, ambaye hajawahi kutoa maoni kwa kunong’ona.

“Kwa nini nisichukue?”

“Sensa yake ndogo, kama ukucha wa kidole gumba. Mtu aliye siriasi anatumia sensa kubwa, fulfremu, kama hii yangu.” Akalipapasa begi lililoning’inia begani kama anayembembeleza mtoto. “Sikiliza. Mvua ikinyesha ukaweka nje beseni na kikombe, kipi kitakinga maji mengi?”

“Beseni.”

“Haya. Mwanga ndiyo mvua. Sensa kubwa ni beseni. Hata kwenye giza inakusanya mwanga wa kutosha, picha inatoka safi. Hiyo yako ni kikombe. Jua likizama tu, picha chenga tupu.”

Asifiwe alimtazama kuanzia viatu hadi kola.

“Na ukialikwa chai kwa watu, braza, unaendaga na beseni?”

Foleni nzima iliangua kicheko. Hata yule mama wa picha ya marehemu alijifuta macho na kutabasamu.

“Mie sikingi mvua,” Asifiwe aliendelea. “Mie napiga picha za watu. Watu wakiona beseni linakuja wanajiweka sawa. Wakiona kikombe wanaendelea na stori zao.”

Revelian alifungua mdomo kujibu. Akanyanyua mkono ili apange hoja, akasahau kuwa ndio mkono wenye juisi. Shati jeupe likageuka ramani.

“Revelian,” Mufaddal alisema kutoka nyuma ya kaunta bila kuinua kichwa, “nunua au ondoka. Unanifukuzia wateja halafu unanilowanishia sakafu.”

Asifiwe alitoa kitambaa kwenye mkoba wake akampa. Kisha akainunua ile kamera ndogo, mbele ya macho yake, taratibu.

“Namba yako?” Revelian aliuliza akijifuta. “Nikutumie picha za mfano. Kwa ajili ya elimu.”

“Kwa ajili ya elimu,” Asifiwe alisema, akaitaja namba.

Siku ile ile jioni simu ilipigwa.

“Haloo, Beseni hapa.”

Asifiwe aliziba mdomo ili mama yake asimsikie akicheka. “Kikombe anasikiliza.”

“Kikombe, umekula?”

“Nimekula. Shati limetoka doa?”

“Sijalifua. Nimelitundika ukutani. Ni kumbukumbu.”

“Wee Mhaya una maneno!”

“Na wewe unayapenda. Kataa.”

Hakukataa. Wakawa wanapigiana asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, Beseni na Kikombe, wakibishana kuhusu lenzi mpaka salio linakata. Jumapili walitoka pamoja kupiga picha. Revelian alipiga majengo ya Tegeta yanayoota kila wiki kama uyoga. Asifiwe alipiga mafundi waliolala kwenye kivuli cha majengo hayo. Ukiziweka picha zao pamoja zilikuwa zinatazamana. Ilipofika kazi za harusi Revelian alimchukua Asifiwe, naye akawa anashika taa, anabadilisha betri, anawapanga mashangazi kwa urefu. Watu wakaanza kumwita “yule msichana wa Revelian anayeshika taa.” Mwanzoni jina hilo lilimfurahisha. Baadaye likawa kama kiatu kizuri kinachobana kidole kimoja tu.

Kisha likaja jambo la Bi Gulbahar.

Bi Gulbahar ni mke wa Mufaddal, mama mrefu wa Kibohora anayekaa Tegeta kwenye nyumba ya ghorofa, na binti yake Masuma alikuwa anaolewa. Alimwita Asifiwe nyumbani, akamkaribisha chai na biskuti za nazi, akasema bila kuzunguka:

“Siku ya hina ni wanawake watupu. Tunavua rida zetu za stara, tunafunua nywele, tunacheza tunavyotaka. Kwa hiyo simu zote zinabaki mlangoni kwenye kapu. Kadi za picha unaniachia mimi mkononi. Mwanaume hazioni. Si fundi wa kusafisha picha, si mchumba wako, na zile zenye wageni hata Mufaddal mwenyewe hazioni. Wageni wangu wanakuja kwa sababu nimewapa neno langu. Unanielewa, mwanangu?”

“Nimekuelewa, Mama Masuma.”

“Mume wangu alimtaja yule kijana wako. Nikamwambia simtaki kijana mwenyewe, namtaka huyo anayeshika taa. Nimeziona picha zako za mafundi waliolala.”

Asifiwe alitoka pale akiwa haigusi ardhi. Kazi ya kwanza kwa jina lake mwenyewe! Ikienda vizuri, wanawake wale wangeambiana. Ikiharibika, wangeambiana vile vile.

Revelian aliipokea habari kwa furaha kubwa, halafu akaiharibu. Walikuwa barazani kwa kina Asifiwe, siku moja kabla ya shughuli.

“Chumba kitakuwa na mishumaa na taa za zambarau,” alisema. “Hiyo ndogo yako itakuletea chenga kama televisheni iliyokosa antena. Chukua yangu.”

“Nimeizoea yangu, Rev.”

“Kuizoea si hoja. Sensa ni sensa. Hii ni fizikia, mpenzi, haina huruma.”

“Nitawasogelea. Nitasubiri watu watulie. Nitatumia mshumaa wenyewe.”

“Asi, tafadhali. Usiniaibishe.”

Asifiwe aliweka kikombe cha chai chini. “Nikuaibishe wewe? Kwani kazi hii ina jina la nani?”

“Watu wanajua wewe ni wangu.”

“Wako wa mapenzi au wako wa kushika taa?”

Swali hilo lilihitaji jibu la haraka. Revelian alichelewa. Alichelewa kidogo sana, muda wa mtu kumeza mate, lakini Asifiwe aliuona ule mwanya wote na kila kilichokuwa ndani yake.

“Nipe hiyo kamera,” Asifiwe alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayezima moto bila kujua kama umezimika. “Tusiendelee.”

Alasiri ya Ijumaa Revelian alimpeleka Tegeta kwa pikipiki. Hawakuzungumza njiani. Asifiwe alivaa suruali nyeusi na shati la hariri la kijani, na ndani ya mkoba, chini ya betri, alikuwa ameificha kamera yake ndogo kama mwanafunzi anavyoficha mandazi bwenini. Revelian alikwenda kumsubiri kwenye banda la chipsi lililo mkabala na geti.

Mlangoni alikaa Bi Hija, mama wa makamo kutoka Vingunguti aliyefanya kazi nyumba ile tangu Masuma hajaota meno. Mbele yake kapu lilijaa simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Simu yako kapuni. Kamera pita nayo.”

Kabla hajaingia, Asifiwe alijaribu mwanga. Alilenga sakafuni, pale viatu vya wageni vilipovuliwa kwa rundo: vya dhahabu, vya shanga, vya visigino vilivyoangukiana, na kandambili za mpishi pembeni. Alipiga picha moja. Ilitoka safi kama maji. Moyoni alikiri: beseni ni beseni.

Juu ukumbini mishumaa iliwaka ndani ya glasi za rangi. Masuma alikaa katikati amevaa manjano, mikono yake miwili imenyooshwa kama mtu anayesubiri pingu, wachoraji wa hina wakimwinamia. Kicheko kilikuwa kinazunguka chumba kizima. Asifiwe aliinua kamera kubwa, na kicheko kikakata.

Wanawake walinyoosha migongo. Wawili walivuta mitandio kichwani. Bibi Misbah, nyanya yake bibi harusi, aliyekuwa anasimulia jambo huku akipiga mapaja, alijificha nyuma ya sahani ya sambusa. Asifiwe alipiga hivyo hivyo. Picha zilitoka safi, kila uzi wa dhahabu ukionekana, na watu ndani yake walikuwa kama wamesimama mbele ya afisa wa uhamiaji.

Aliangalia kioo cha kamera ili azikague. Pembeni, kwenye kona, palikuwa na alama ndogo ya simu. Ilikuwa inawakawaka.

Mwanzo hakuelewa. Kisha akakumbuka. Kamera ile ilikuwa imeunganishwa na simu ya Revelian. Ndivyo alivyoipanga kwa ajili ya harusi, ili kila picha inayopigwa ijitume yenyewe na bwana harusi aipate kabla ya keki. Simu ikiwa jirani tu, picha zinaruka. Na simu ilikuwa jirani. Ilikuwa ng’ambo ya barabara, kwenye banda la chipsi, mkononi mwa mwanaume.

Aliizima kamera. Ngapi zilikuwa zimeshavuka ukuta? Alimtazama Bi Gulbahar, aliyekuwa anacheka na wifi zake, nywele zake nyeupe ziko wazi, amewapa watu neno lake. Kumwambia pale pale kungekuwa kumvulia nguo mbele ya wageni. Kunyamaza kungekuwa kumdanganya.

“Umeshamaliza, mwanangu?” Bibi Misbah aliuliza kwa matumaini makubwa. “Njoo ule.”

Asifiwe alikaa chini kwenye mkeka. Akala sambusa ambayo hakuisikia ladha. Kisha, kwa sababu kazi bado ilikuwa na jina lake, aliingiza mkono kwenye mkoba akatoa kikombe chake.

Hakuna aliyeihesabu kama kamera. Migongo ililegea. Mitandio ikaanguka. Bibi Misbah alirudia simulizi yake toka mwanzo, na alipofika patamu alisimama, akaweka sinia kichwani, akacheza na sinia lile huku wajukuu wakimpigia makofi na Masuma akilia kwa kucheka bila kuweza kujifuta, maana mikono imejaa hina mbichi. Asifiwe alikuwa karibu nao kiasi cha kusikia harufu ya karafuu. Alisubiri, akashika pumzi, akapiga.

Shughuli ilipokwisha alimkabidhi Bi Gulbahar kadi zote mbili mkononi. Alijaribu kusema. Wageni walikuwa wamemzunguka mama yule kama nyuki.

“Nitakuja kesho, Mama Masuma. Kuna jambo.”

“Njoo, mwanangu, njoo.”

Kapu la simu lilikuwepo, Bi Hija hayupo. Asifiwe alichukua simu yake akatoka nje. Kwenye banda la chipsi palikuwa na muuzaji, kabeji na ndoo ya mayai. Revelian hayupo, pikipiki haipo. Kakimbia! Amezitazama, akakimbia!

Alipanda bajaji. Kabla hajafika mbali akampigia. Simu iliita mpaka karibu kukata, kisha ikapokelewa.

“Haloo!” Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, ina kitu mdomoni. Nyuma yake masufuria yaligongana na mtu akacheka. “Haloo, nani mwenzangu? Hapa pameandikwa Kikombe.”

Jina lao. Jina la asubuhi na jioni, linatafunwa na mwanamke asiyemjua.

“Mwenye simu yuko wapi?”

“Kaondoka. Simu kaniachia mie.”

“Kakuachia wewe kama nani?”

“Kama mtu anayemwamini,” sauti ilijibu kwa ukali. “Wee Kikombe, unauliza kama polisi. Sina ruhusa ya kusema na mtu.” Ikakata.

Asifiwe aliifungia ile namba. Dereva wa bajaji, aliyesikia yote, alipunguza singeli kwenye redio kwa heshima ya msiba.

Asubuhi Revelian alibisha dirishani. Shati lake, kwa mara ya kwanza katika historia, halikuwa limepigwa pasi.

“Asi! Fungua. Jana nimekusubiri kituoni Tegeta mpaka wauza mahindi wamezima moto. Ulipitia wapi?”

Alifungua dirisha nusu. “Kwanza nenda kamchukue anayekupokelea simu.”

“Simu ipi tena?”

“Jibu hili moja tu. Picha zangu za ndani, uliziona?”

Revelian alikuwa na makosa yake, lakini uongo haukuwa mmojawapo. “Niliona moja,” alisema. “Moja tu, na hiyo ilikuwa ya…”

Dirisha lilifungwa. Kitasa kikafuata. Na Asifiwe, nyuma ya pazia, alilia akiwa amesimama, mkono mmoja bado umeshika kitasa, kwa sababu alikuwa ametegemea kabisa kwamba atasema hapana.

Alinawa uso. Alivaa gauni refu la kijivu alilolivaa kwenye mazishi tu, akabeba ile kamera kubwa kama ushahidi, akatoka mlango wa nyuma kwenda Tegeta.

Sebuleni kwa Bi Gulbahar, Masuma alikuwa amekaa miguu juu ya kochi, hina imekolea hadi kuwa nyeusi. Bi Gulbahar alivaa rida ya kijani mpauko yenye ua kwenye pindo. Mbele yao kompyuta iliwaka.

“Afadhali umekuja!” Masuma alirukaruka. “Mama amezitazama mara ngapi sijui. Amelia.”

“Shikamoo, Mama Masuma,” Asifiwe alisema. Hakukaa. “Kabla hujanisifu. Kamera niliyoanza nayo ilikuwa inatuma picha kwenye simu ya mwanaume. Sikujua. Nilipojua niliizima, lakini zilikuwa zimeshaenda. Neno lako kwa wageni nimelivunja mimi. Nimekuja kukwambia mwenyewe.”

Masuma alishusha miguu. Bi Gulbahar alifunga kompyuta polepole, kama mtu anayefunika chakula.

“Amezitazama?”

“Anasema moja.”

“Ipi?”

“Sijui. Nilifunga dirisha.”

“Ulifunga dirisha,” Bi Gulbahar alirudia, “kabla hujajua ni ipi?” Kisha akaita, “Hija!”

Bi Hija alitoka jikoni akikausha mikono. Alipomwona Asifiwe alipiga makofi. “Huyu hapa! Jana nimemtafuta hadi chooni. Mama, sikutaka kusema mbele za wageni, halafu leo nikakuta mmejifungia na picha. Kuna kijana aligonga geti jana.” Alifungua fundo la khanga kiunoni, akatoa simu. “Uso umemsawajika kama kaona jini. Ananiambia, ‘Mama, simu hii inaingiza picha za ndani. Nimefungua moja, viatu mlangoni, nikajua mara moja. Nimezima mtandao, lakini nyingine zimeshaingia, na siwezi kuzifuta bila kuziona. Mpe Bi Gulbahar azifute kwa mkono wake. Usimpe mtu mwingine isipokuwa mpiga picha. Mwambie namsubiri kituoni.’ Namba ya kufungulia ndiyo kanitatiza.”

“Namba gani?” Masuma aliuliza.

“Kasema ni siku ya kuzaliwa ya mpiga picha. Mie nitaijulia wapi?”

Asifiwe alikaa.

“Bi Hija,” alisema kwa shida, “jana kuna mtu alipiga simu hiyo?”

“Kapiga mmoja ana kiburi! Anaitwa Kikombe.” Bi Hija alimtazama vizuri. Sauti ile. “Ala!”

Bi Gulbahar alimsogezea Asifiwe simu. Asifiwe aliandika siku yake ya kuzaliwa, na simu ikafunguka. Picha ya viatu ndiyo pekee iliyokuwa imefunguliwa. Nyingine zilikuwa bado zimejipanga chini ya alama ya picha mpya, kama barua ambazo hazijachanwa. Mama na binti walizifuta moja moja, na Bi Gulbahar akafuta hata kapu la takataka la simu, maana mke wa muuza kamera hajifunzi leo.

“Hii ya viatu mwachie,” alisema. “Viatu havina haya.” Kisha akafungua tena kompyuta. “Sasa tazama. Hizi za kwanza, safi sana. Mume wangu angezisifu, kama angeruhusiwa.”

“Mie naonekana kama naomba viza,” Masuma alisema.

“Na hizi za baadaye.” Bi Gulbahar alisimama kwenye ile ya Bibi Misbah na sinia. Ilikuwa na chenga, kweli, kama mtu amenyunyiza mchanga mwembamba gizani. Ndani ya mchanga ule bibi alikuwa anacheka na meno yake yote matatu. “Mama yangu hajawahi kupigwa picha akicheka. Maisha yake yote. Ndizo nitakazoweka kwenye albamu.” Akamgeukia Asifiwe. “Na nje ya geti kuna pikipiki imesimama tangu uingie. Mwenye nayo haingii, haondoki. Nenda kanisaidie na hilo.”

Revelian alikuwa amekaa juu ya pikipiki, kofia ngumu mapajani. Aliposikia geti alisimama wima.

“Ilikuwa ya viatu,” Asifiwe alisema.

“Ilikuwa ya viatu. Nilikuwa naelekea kwenye neno hilo.”

“Niliyempigia kelele kwenye simu ni Bi Hija.”

“Ulimpigia kelele Bi Hija?” Revelian alishika kichwa. “Kikombe, una hatari!”

Alicheka, naye Asifiwe akacheka, kisha wote wakaacha kwa pamoja, kwa sababu lile la barazani lilikuwa bado limekaa kati yao, na wote waliliona.

“Juzi uliniuliza swali,” Revelian alisema, safari hii kwa sauti ndogo kabisa. “Nikachelewa. Nilichelewa kwa sababu jibu la kweli lilikuwa baya. Nilipenda ushike taa. Ukishika taa, mie ndiye ninayeonekana.”

Asifiwe aliitikia kwa kichwa.

“Wamechagua zipi?” Revelian aliuliza.

“Za kikombe.”

“Gizani? Na mishumaa?”

“Gizani.”

“Zina chenga?”

“Kama ufuko.”

“Nionyeshe moja.”

“Hapana.”

“Nusu. Kona tu, nione mwanga umekaaje.”

“Rev, huwezi kuziona. Si leo, si mwaka ujao, si tukizeeka. Itabidi uniamini kwa maneno yangu kwamba sensa ndogo ilishinda.”

Kwa mpiga picha wa Bukoba, hii ilikuwa adhabu kubwa. Asifiwe aliiona inampita usoni: hoja za lenzi, fizikia isiyo na huruma, mabeseni yote na mvua zake. Alisubiri. Kama Revelian angechelewa tena, asingefungua dirisha lingine.

“Nakuamini,” alisema papo hapo. “Zilikuwa nzuri. Sihitaji kona.”

Asifiwe alimkabidhi kamera yake kubwa, na simu juu yake.

“Mie namtuma mshenga kwenu,” Revelian alisema haraka, kabla ujasiri haujapoa. “Mwezi huu. Ukikubali. Na siku ya sendofu yetu kamera utachagua wewe. Hata ukileta ya simu ya tochi, sitasema neno.”

“Utasema.”

“Nitasema kidogo.”

“Mlete mshenga,” Asifiwe alisema, akapanda pikipiki nyuma yake na kumshika kiuno. “Na umwambie aje na kikombe. Mama yangu anapenda watu wa kawaida.”

Hapo ndipo palikuwa mwisho, na ulikuwa mwisho mzuri, mpaka Asifiwe alipopita nyuma ya kiti changu, akasoma, akaniuliza kwa upole wa kutisha: “Mdogo wangu, haya ya Bibi Misbah na sinia kichwani, na meno matatu, umeyaona wapi wewe mwanaume?”

Nimekamatwa. Nakiri mbele ya wote niliowatangazia: ukumbi ule sijaukanyaga, picha zile sijaziona, na dada nilipombana anisimulie alinipa neno moja tu, “Walicheka.” Sinia ni langu. Manjano ni yangu. Meno nimeyahesabu kichwani mwangu. Na ile habari ya kwamba mapenzi hayamo, naomba nayo iwekwe kwenye orodha ya mashtaka.

Ila viatu ni vya kweli. Bi Gulbahar aliiruhusu picha ile itoke, na sasa imetundikwa sebuleni kwa dada na shemeji yangu, Kinondoni. Vya dhahabu, vya shanga, na kandambili za mpishi pembeni. Ilipigwa na beseni, haina chenga hata moja, na shemeji humwonyesha kila mgeni anayeingia. Mgeni akiuliza wenye viatu wako wapi, anajibu kwamba wako ndani, na anabadilisha mazungumzo.